Simba na matete
Simba wangu (mbwa, msishtuke) leo kanitembeza hifadhini, maana nani alikuwa anamwongoza mwenzake sijui. Msituni raha tupu: kivuli, majani makavu, kila kisiki lazima kinuswe. Tulipofika kwenye matete nikamfupishia kamba. Kuna ndege wanaotaga chini kabisa kwenye nyasi. Mbwa akisogea, mama anaruka na mayai yanapoa.

Majini sikumruhusu, akalia weee! Lakini dawa nyingi za kupe na viroboto tunazowadondoshea shingoni zina fipronili au imidaklopridi, yaani sumu za kuua wadudu. Mbwa akiogelea inaoshwa, inaua wadudu wa majini, na hao ndio chakula cha vyura na ndege. Halafu ukiona maji yana utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, usithubutu. Baadhi ya mwani ule una sumu inayoweza kumuua mbwa ndani ya saa chache.

Kinyesi nimekiokota, ndiyo, hata porini.

Nyumbani nikamkagua masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Kupe mmoja alikuwa ameshang'ang'ania. Nimemng'oa kwa kibanio, taratibu, bila kumminya tumbo.