Nilivyopata nafasi ya uzamivu Ujerumani kwa laptopu ya GB 4

Kwa miaka miwili nilifuata ushauri mbovu. Tuma barua pepe kwa maprofesa wengi, niliambiwa, hatakosa mmoja wa kukujibu. Nikatuma sitini na kitu, barua ileile, nikibadilisha jina tu. Wakajibu wanne, wote wakikataa. Wengine wakasema nisubiri ufadhili utangazwe. Hilo linanikera hadi leo, maana Ujerumani nafasi nyingi za uzamivu kwenye maabara ni ajira: unasaini mkataba, unalipwa mshahara, mara nyingi asilimia 65 ya ngazi ya mishahara iitwayo E13, na zinatangazwa kama kazi nyingine yoyote. Ukiwa na shahada ya uzamili, omba kama mtu anayeomba kazi.

Nikaacha kutuma barua, nikashika kazi yenyewe: kuchambua kwa kompyuta jenomu, yaani mfuatano wote wa herufi za DNA za kiumbe. Nimesomea baiolojia; Python na R, lugha za kuandikia programu, nilijifunza usiku. Laptopu yangu ilikuwa na RAM ya GB 4, na kila niliyemuuliza alisema jenomu haichambuliwi kwenye mashine ya hivyo. Ya binadamu, sawa, ina herufi kama bilioni 3. Lakini kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kina milioni 23 tu kwenye kromosomu 14, na jenomu yake ilichapishwa tangu 2002. Mimi nimekulia Muheza. Malaria sikuhitaji kuelezwa.

Data za MalariaGEN, mtandao wa watafiti wa jenomu za malaria, ziko wazi kwa yeyote, na sampuli za Tanzania zimo. Tatizo ni ukubwa wa mafaili. Bando langu la mwezi lisingetosha hata moja. Hapo ndipo nilipogundua kwamba programu ya bcftools, ikipata faili dogo la faharasa, inaweza kuchomoa kipande unachotaka kutoka kwenye seva bila kupakua faili zima. Nikachomoa jeni moja tu, kelch13, ambayo mabadiliko yake huwafanya vimelea vichelewe kufa kwa artemisinini, dawa ya malaria. Badiliko mojawapo, R561H, liliripotiwa Rwanda mwaka 2020, nasi ni majirani. Bando la usiku lilitosha na likabaki.

Kisha nikakwama siku tatu. Kila nikitafsiri herufi kuwa protini, alama za kusimama, zile za kuonyesha protini imeisha, zinajaa katikati. Nikabadilisha faili, nikaandika programu upya, nikalala nimekata tamaa. Alfajiri ya siku ya nne nikafungua maelezo ya jeni nikakiona kialama cha kutoa (-): kelch13 imeandikwa kwenye uzi wa upande wa pili, inasomwa kinyumenyume. Nikageuza mfuatano, nikabadilisha A kwa T na C kwa G, protini ikatoka nzima, amino asidi 726. Nilimwamsha mama kumwonyesha.

Safari hii nilituma maombi matatu tu, kila moja kwa tangazo la kazi, na kila barua ilianza na grafu ya matokeo yangu pamoja na swali moja kuhusu utafiti wa maabara ile. Maabara mbili ziliniita. Gharama? Bando, na vyeti kugongwa mihuri, labda laki moja na nusu.

Kwenye usaili wa pili kiongozi wa maabara aliuliza, "Ulijuaje kwamba matokeo yako ni sahihi?" Nikamsimulia zile siku tatu, mwanzo hadi mwisho. Hakuuliza tena kuhusu alama zangu za chuo. Mkataba ulifika baada ya wiki mbili, wa miaka mitatu.