Siku ya 41: kumbe ni ubao

Jana saa moja jioni, saba kati ya mamba wangu tisa wachanga wamekula. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya turubai, nasikia vidomo vinavyogonga, naogopa hata kukohoa. Wiki tatu mfululizo nyama niliyowasagia imekuwa ikiishia kwa mbwa.

Wana miezi mitano, kibali cha TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kipo, bwawa ni la zege ndani ya banda. Shida yangu ambayo nyie wa Bagamoyo na Tanga hamna ni baridi: niko Iringa, na huu ni Julai. Mamba mchanga anataka maji ya nyuzi 30 hadi 33. Akipoa, chakula kinamlalia tumboni na maradhi yanapata mlango. Hilo nililijua kabla sijawaleta, ndiyo maana nikanunua hita kubwa, na kila nilipotazama kipimajoto kilisoma 32.

Basi 32, na hawali! Nikajaribu maini, moyo wa ng'ombe, kuku na mifupa yake, perege. Panzi wawili wakaliwa, nikashangilia. Kesho yake mgomo ukarudi. Nikapandisha joto hadi 34. Nikabadili maji nikidhani ni klorini. Jamaa mmoja akasema niwalishe kwa mrija. Nilikataa na bado nakataa, maana mtoto mwenye hofu ukimkamata kila siku unazidi kumfunga mdomo.

Jumapili nikampigia mzee mmoja wa pwani aliyefuga miaka mingi. Habari za joto hakuuliza kabisa.

"Wanalala wapi, mwanangu?"

"Chini ya ubao, mzee."

"Na ubao uko wapi?"

Nikakosa la kujibu. Ubao wao wa kujifichia niliuweka kona ya mlangoni, mbali na hita, kwa sababu pale naufikia bila kulowa. Saa kumi alfajiri nikafunga kipimajoto kwenye fimbo na kukisukuma chini yake: 25. Kwenye hita, 32 yangu ileile. Joto lote lilikuwa limeelea upande mmoja, na watoto tisa wamebanana kwenye baridi kwa kuwa giza la ubao lilikuwa na thamani kwao kuliko maji ya moto. Wiki tatu nimekuwa nikiipima hita!

Nimeuhamishia ubao upande wa joto. Hita nimeizungushia wavu, maana wanapenda kuilalia na wataungua. Pampu ndogo ya tangi la samaki sasa inazungusha maji. Na hivi vipimajoto vya bei rahisi vyenye waya, ukinunua, nunua vitatu. Changu kinapishana na cha kioo kwa nyuzi moja na nusu.

Wawili bado wamegoma. Aliye mdogo kuliko wote nimemtenga na ubao wake, wenzake walikuwa wanamlalia.

Wiki hii nilipanga kuwapima uzito na kuwakata alama kwenye magamba ya mkia. Sifanyi, sitawagusa mpaka washibe. Tena umeme wa LUKU unanimaliza, na stoo kuna mita 100 za bomba jeusi la umwagiliaji. Leo nimezungusha nusu ya bomba juu ya bati, upande wa kaskazini unaopata jua, ili lipashe maji. Saa nane mchana maji yaliyotoka yameniunguza kidole.