Siku Moja Maishani Mwangu: Tabibu na Watu Wasiolala

Saa 11 alfajiri. Nimeamka kabla ya king'ora cha simu, na sababu si bidii. Wiki iliyopita nilikuwa zamu ya usiku, na saa ya ndani ya mwili, ambayo hujipanga kwa kufuata mwanga wa jua, haijarudi mahali pake. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya huko Mbagala, Dar es Salaam, kwa hiyo tatizo hili nalielewa vyema. Kulielewa hakujanisaidia kulala.

Saa 2 asubuhi. Dereva wa malori yaendayo Tunduma amekuja na mkewe kwa sababu presha yake haishuki ingawa anameza dawa. Katikati ya maswali yangu anasinzia, kidevu kinagusa kifua, kisha anashtuka na kuomba radhi. Fomu yetu haina swali hata moja kuhusu usingizi, lakini nimejifunza kumgeukia yule anayelala ubavuni mwa mgonjwa. "Anakoroma mpaka watoto wanaamka, daktari," anasema mama. "Halafu kimya. Huwa namhesabia. Anakuja kuvuta pumzi kama mtu aliyeopolewa majini."

Maelezo hayo yamenifaa kuliko kipimo cha presha. Misuli ya koo hulegea usingizini na kuziba njia ya hewa, pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hushuka, na ubongo humzindua kidogo ili apumue, mara nyingi kwa usiku mmoja, naye asubuhi hakumbuki lolote. Unene na pombe ya jioni huzidisha hali hiyo, nayo huipandisha presha. Nampima shingo kwa tepu ya fundi cherehani: sentimita 46, nene kupita kawaida. Namwandikia rufaa kwa bingwa wa masikio, pua na koo, na kumsihi asishike usukani kwa sasa. Anaitazama karatasi bila kuipokea, kwa kuwa siku asiyoendesha ni siku asiyolipwa.

Saa 4 asubuhi. Mjamzito analalamika kwamba kila akijilaza, miguu inamtekenya kwa ndani mpaka ainuke atembee. Hiyo ni miguu isiyotulia, na mara nyingi upungufu wa madini ya chuma huhusika. Damu yake ni gramu 8.4 kwa desilita, pungufu. Vidonge alivyopewa kliniki alikuwa akivificha kabatini kwa sababu vinamtia kichefuchefu.

Saa 8 mchana. Mwanachuo amekabwa na jinamizi mara tatu mwezi huu: macho yanaona, mwili hausogei, kifua kimeelemewa. Mzee aliyemsindikiza anataja popobawa, jini anayesimuliwa Zanzibar, aliyewatia watu wa Pemba hofu mwaka 1995 hadi wakalala nje kwa makundi. Siwacheki, kwani hofu hiyo ni ya kweli. Namweleza kijana kwamba tunapoota, ubongo huifunga misuli ili tusiigize ndoto, na kwamba yeye huzinduka kabla kufuli halijafunguliwa, hasa baada ya kukesha na mitihani, tena akilala chali.

Saa 10 jioni. Mwalimu anataka dawa za usingizi. Tunazungumza kwanza kuhusu vikombe vitatu vya kahawa anavyokunywa jioni.

Saa 4 usiku. Mke wangu ananiambia kwamba jana nilikoroma. Namwomba leo anihesabie.