Siku moja naotesha mitandao

Saa 12:30 asubuhi. Mama mwenye nyumba ananikuta mlangoni. "Mwanangu, wewe si mtu wa mtandao? Simu yangu haishiki." Naizima, naiwasha, inashika. Mtaani kazi yangu inajulikana hivyo.

Saa 2:00. Teksi, foleni ya Wandegeya hapa Kampala, chai.

Saa 3:00. Mimi huotesha mitandao ya mawasiliano ndani ya kompyuta. Naanza na vituo vitatu. Kila hatua kinaongezeka kimoja, nacho kinachagua kwa bahati nasibu pa kujiunga. Kanuni ya msingi ni ya wanafizikia Barabási na Albert, ya mwaka 1999: kituo kipya huelekea kwenye kile chenye viungo vingi tayari. Mwenye nacho huongezewa. Lakini kanuni hiyo haijui umbali, na kwetu Uganda umbali ni gharama. Hatuna bahari, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilizotia nanga Mombasa mwaka 2009 hutufikia kwa kuvuka Kenya hadi Malaba na Busia. Kwa hiyo kila kilomita nimeipa bei, kisha nakata kiungo kimoja kimoja nione nani anabaki gizani.

Saa 5:00. Nimeotesha mtandao mara 30, na mistari yote 30 ya grafu imelaliana, unaona mmoja tu. Mwenzangu akasema safi sana. Mimi tumbo likanikaza. Bahati haijirudii hivyo.

Nikasoma programu mstari kwa mstari. Rolex, chapati yangu ya mayai, ikapoa mezani, mafuta yakaganda kwenye karatasi. Umeme ukakatika, ukarudi, nikaanza upya. Jua lilikuwa limeshahamia dirisha la pili nilipoiona: mbegu, ile namba ambayo kompyuta huanzia inapochagua kwa bahati nasibu. Wiki mbili nyuma niliifunga kwenye 7 nikitafuta kosa jingine, sikuifungua. Nilikuwa nimeotesha mtandao uleule mmoja mara 30, na grafu za wiki hizo mbili nilishampelekea mwalimu wangu.

Nikampigia. Akanyamaza kidogo. "Rudia zote," akasema.

Nikarudia. Giza lilikwishaingia mistari ilipoanza kutawanyika. Mitandao mingine ilistahimili; mingine, kiungo kimoja tu kikikatwa, upande mzima ulibaki kisiwa. Watu wanaoishi upande huo ndio wanaonifanya nichelewe teksi ya mwisho.

Kompyuta nimeiacha ikifanya kazi. Mbegu zote 30 nimeziandika daftarini, kwa wino.