Jumamosi ya ardhi dukani

Leo mazungumzo ya duka la vitabu yalihusu ardhi, na nimerudi nyumbani kichwa kimejaa. Niandike kabla sijalala.

Mombasa hatuna uhaba wa baraza. Mji wa Kale kila kichochoro kina yake, na kahawa chungu haikosi. Ila baraza zile ni za wanaume. Mwanamke huamkia akapita. Pale dukani, meza zikishasukumwa ukutani na viti vya plastiki vikapangwa, mwanamke hukaa mbele kama mtu yeyote. Hilo peke yake lanitosha kulipenda duka lile, ingawa vitabu ni ghali tangu vilipotiwa kodi ya asilimia 16 mwaka 2013, na wengi wetu twasomea papo hapo rafuni.

Mada ilikuwa nyumba bila ardhi. Mtu wa Majengo au Kisauni hahitaji kufafanuliwa: kuta zako, bati lako, kiwanja cha mwingine. Kijana mmoja anayesomea sheria alianzia mwaka 1908, serikali ya Mwingereza ilipowataka watu wa pwani waje kudai ardhi zao. Isiyodaiwa ikawa ya serikali. Mwenye hati na mwenye kujua njia ya ofisini alipata. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo wala si ya mtu mmoja, wakageuka maskwota penye makaburi ya babu zao. Ukumbi ulinyamaza. Mzee mmoja alikuwa akitikisa kichwa tu.

Ndipo bi mkubwa mmoja akainua mkono. "Mwanangu, hayo ya Mwingereza nimeyasikia. Mimi mume wangu amefariki, na mashemeji wanasema nyumba ni yao. Katiba yasemaje?"

Mwenye duka alinyanyuka, akatoa Katiba ya 2010 rafuni, akafungua ibara ya 60 na kumpa mjukuu wa bibi. Msichana akasoma polepole, kidole kikifuata mstari, mpaka panapotaka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi za ardhi.

"Rudia hapo," bibi akasema. Akarudia.

Yule kijana akaongeza kwamba mirathi ya Waislamu hupelekwa kwa Kadhi, na mahakama hiyo imo ndani ya Katiba hiyo hiyo, ibara ya 170.

"Thumni yangu, ile sehemu moja kwa nane ya mjane mwenye watoto, naijua, mwanangu," bibi akamjibu. "Nisichokijua ni kuandika hayo maombi."

Hapa ndipo nilipofurahi kweli. Baraza la mtaani lingempa pole na dua. Dukani, kina mama wawili wa safu ya nyuma waliomba kalamu, wakageuza karatasi ya matangazo upande mtupu, wakaanza kumuuliza: jina la marehemu, watoto wangapi, nyumba iko wapi, nani anapokea kodi ya vyumba. Jumatatu asubuhi watakwenda naye kwa Kadhi. Nimeomba ruhusa kazini niwafuate.