Una Nini Usichokipokea?

Bwana asifiwe, wapendwa.

Somo la wiki hii ni 1 Wakorintho 4:7. Paulo anawauliza watu wanaojivuna: "Nawe una nini usichokipokea?" Swali hili nimelisoma huku nikiyafuatilia maisha ya mtu ambaye hakuwa wa kanisa letu wala wa visiwa hivi. Ni Yehudi Menuhin, Myahudi aliyezaliwa New York mwaka 1916, mpiga fidla na baadaye kiongozi wa okestra. Fidla hatuna haja ya kuelezwa sisi wa Unguja. Ikhwani Safaa, kikundi chetu cha taarabu, wapo tangu 1905, na hata asiyekwenda kwenye taarabu anajua inavyolia. Menuhin aliipigia muziki wa akina Bach na Beethoven, lakini chombo ni hicho hicho cha nyuzi nne na upinde.

Karama yake ilikuja mapema mno. Ana miaka 7 alishasimama mbele ya watu kule San Francisco akipiga pamoja na okestra. Ana miaka 11 akapiga Beethoven katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, na vidole vyake vilikuwa bado havina nguvu ya kuzungusha vigingi vya kukazia nyuzi, ikabidi ampe fidla mpiga fidla mkuu wa okestra amkazie. Tuitazame picha hiyo kidogo. Ukumbi mzima umekuja kumsikiliza yeye, na yeye ananyoosha mikono kumpa mtu mzima chombo chake, kwa sababu peke yake hawezi hata kuanza. Mwaka 1929, Berlin, kabla hajatimiza miaka 13, alipiga konseto tatu, yaani tungo ndefu za fidla na okestra, usiku mmoja: ya Bach, ya Beethoven na ya Brahms. Mwaka 1932 akarekodi London konseto ya Elgar, mtunzi Mwingereza, na aliyeongoza okestra siku hiyo ni Elgar mwenyewe, mzee wa miaka 75 na kijana wa miaka 16.

Vita vilipokuja aliwapigia wanajeshi wa upande wa Washirika maonyesho zaidi ya 500. Kisha Julai 1945 akaenda Bergen-Belsen, Ujerumani, kambi ya mateso ya Wanazi ambayo Waingereza walikuwa wameikomboa Aprili. Benjamin Britten, mtunzi wa muziki Mwingereza, alifuatana naye kwenye piano. Waliokaa kumsikiliza walikuwa watu waliotoka mautini, wengine wagonjwa bado, wasio na kitu cha kumlipa. Sisi tunaosali Mkunazini, hapa Unguja, tuna sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengi. Kanisa letu limejengwa penye soko la watumwa, na altare ipo pale ulipokuwa mti wa kuwachapia watu viboko. Kila Jumapili tunaimba mahali hapo. Naomba tusizoee.

Baada ya vita mkono ukaanza kumgomea. Alipokuwa mtoto hakuwahi kujiuliza bega linafanya nini, kiwiko kinakwenda wapi, upinde unashikwaje. Alipiga tu, na ikatoka. Sasa mkono wa upinde ukawa mgumu, na mtu ambaye dunia ilimwita mwenye kipaji cha ajabu akalazimika kurudi kuuliza maswali ambayo mwanafunzi huuliza mwaka wa kwanza. Mwaka 1952, India, alikutana na B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga. Siwaiti mkafanye yoga. Ninachokitazama ni unyenyekevu wake. Iyengar hakuwa mpiga fidla, lakini alimfundisha namna ya kusimama, kupumua na kulegeza mwili, na Menuhin alikuja kumzawadia saa ya mkononi iliyochongwa maneno ya kumtaja kuwa ndiye mwalimu wake bora wa fidla. Ukubwa wote ule, na bado akakubali kufundishwa!

Hapa ndipo Neno linaponigusa. Kwenye kwaya zetu wapo waliopewa sauti. Wakifungua kinywa, kanisa linanyamaza. Na mara nyingi hao ndio wanaokuja mazoezini kwa kuchelewa, au hawaji kabisa, kwa kuwa wimbo wanaushika kwa kuusikia mara moja. Anayesota na sol-fa, zile noti za do-re-mi, wiki nzima ni yule wa sauti ya tatu ambaye hakuna anayemsifu. Ndugu zangu, sauti uliyopewa bila kuomba haikupi haki ya kuwadharau wanaohangaika. Ulipokea. Paulo anaendelea kwa ukali zaidi: iwapo ulipokea, wajisifiani kana kwamba hukupokea?

Miaka ilivyosonga Menuhin aliongoza okestra zaidi na zaidi, na mwishoni akaiweka fidla chini. Kiongozi wa okestra hatoi sauti hata moja. Anasimama akiwapa mgongo wasikilizaji, kazi yake ni kumfanya mwingine asikike vizuri. Mwaka 1963 alifungua skuli ya watoto wenye vipaji vya muziki huko Uingereza, na mwaka 1977 akashiriki kuanzisha Live Music Now, mpango wa kuwapeleka wanamuziki vijana kupiga mahospitalini, magerezani na kwa wasioweza kufika kumbini. Alifariki Berlin, Machi 1999, ana miaka 82, akiwa ziarani na okestra aliyokuwa akiiongoza. Wakamzika katika eneo la skuli yake.

Wapo watoto wa Jumapili wanaotaka kujifunza kusoma sol-fa na hawana wa kuwafundisha. Wewe unayeijua, hasa wewe uliyeipata kwa wepesi, njoo Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya ukae nao nusu saa. Na wewe unayemjua mgonjwa asiyeweza kuja kanisani, tupe jina la mtaa wake, tupange siku twende tukamwimbie nyumbani.