Nilijaza sifuri

Jumapili, Raskazone. Upepo wa bahari ni mkali leo, na chai imeshapoa.

Juzi ofisini (tunatoa mizigo bandarini, hapahapa Tanga) tulikusanywa tusomewe matokeo ya ile programu ya afya ya akili tuliyowekewa kwenye simu miezi mitatu iliyopita. Wa rasilimali watu alikuwa anameremeta. Tawi letu, akasema, ndilo lililotulia kuliko yote. Tukapiga makofi.

Mimi najua nilichojaza. Ni yale maswali tisa ya PHQ-9, kipimo cha dalili za sonona: kwa wiki mbili zilizopita umekosa usingizi siku ngapi, hamu ya kula je, umejiona hufai? Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 inafaa uonane na mtaalamu. Nikajaza sifuri mwanzo mwisho. Usiku, nyumbani, nikajipima tena kwenye karatasi: 13.

Tuliambiwa majibu ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Sawa, lakini sheria haikai dawati linalotazamana na la bosi.

Nisiidhulumu programu. Lile zoezi la kupumua kwa kuhesabu limenifaa zaidi ya mara moja, moyo ulipokuwa unanienda mbio. Tatizo lake dogo ni lugha: Kiingereza changu ni cha hati za mizigo, cha kusema nafsi imenisonga sina. Tatizo kubwa ni kwamba simu inayoniuliza nimelalaje ndiyo inayoleta ujumbe wa bosi saa nne usiku, kontena limekwama na tozo inaanza kesho. Mwaka 2024 William Fleming wa Oxford alichapisha utafiti wa wafanyakazi 46,336 wa Uingereza: waliotumia programu za namna hii hawakuwa na nafuu kuwazidi wasiozitumia. Sikushangaa hata kidogo. Kupumua nitapumua, na kontena litabaki palepale.

Jioni ile ya makofi, mimi na shoga yangu wa dawati la pili tukikokota baiskeli kuelekea Ngamiani, nikamuuliza alijaza nini.

Akacheka. "Sifuri, shoga. Kwani wewe?"

Tukasimama kwa muuza madafu mpaka adhana ya Magharibi. Nikamtajia ile 13 yangu. Akanyamaza, akazungusha pedeli kwa mguu, kisha akanitajia yake.

Imeizidi yangu.